Sikazwe Aliyelala Mgongoni

Kasense,
kwa mkono wa Bwana Selemani mwenye duka,
Sumbawanga.
Tarehe 14 Septemba 1946.

Kwa mwanangu mpendwa Zenon Sikazwe, askari wa jeshi la Keya, huko ng'ambo uliko.

Marahaba, mwanangu. Naitikia shikamoo yako ingawa haijafika, maana najua huwezi kukaa muda wote huu bila kuniamkia, hata kama ni kimoyomoyo. U mzima? Wanakupa chakula cha moto? Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi bado kinakusumbua, au huko hakuna baridi? Na mguu uliojikata na jembe, ulipona vizuri? Nijibu moja moja. Usiniambie "sijambo" halafu ukanyamaza, kama kawaida yako.

Sisi huku tunapumua. Magoti yangu yananikataa asubuhi, mchana yananikubali. Jino la mwisho la upande wa kulia limekwenda, kwa hiyo ugali nautafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Mkeo Luciana ni mzima wa mwili. Mengine ya Luciana nitayasema mbele. Mtoto ni mzima, ana nguvu, anakula kuliko mimi.

Bwana Selemani ndiye anayeandika, mimi nimekaa hapa dukani kwake juu ya gunia la chumvi. Kiswahili changu unakijua, ni cha sokoni, cha kuuzia ulezi. Yeye ananyoosha pale kinapopinda, lakini nimemkataza kuninyooshea maneno yenyewe. Nikisema mjinga, aandike mjinga. Mkewe Kulsumu ameniletea chai ya sukari, kikombe kimejaa mpaka juu. Ukiona doa la maji kwenye karatasi hii ni chai. Usifikiri mengine.

Mvua za mwaka huu zilikuja vizuri na ulezi umejaa. Matuta ya kufukia majani tuliyapiga mimi na Luciana, majirani wakaja siku moja kwa ajili ya pombe, wakanywa zaidi ya walivyolima. Kihenge cha nafaka ulichosuka kabla hujaondoka kimeinama, nimekitia gogo ubavuni kisianguke. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume lenye baka jeupe usoni. Nimekataa kulichinja na nimekataa kuliuza. Unajua linamngoja nani.

Rafaeli wa Msanzi amerudi. Alikuja kunisalimu na kofia yake ya jeshi na buti zinazosaga kokoto, amekonda, macho yamekuwa makubwa. Nilimpikia kuku. Nilimwacha ashibe kwanza ndipo nimuulize, asije akanijibu haraka haraka kuwahi chakula. Akasema mliachana penye mto mmoja mkubwa huko vitani Bama, mvua inanyesha, homa imekushika, wakakupakia kwenye gari la wagonjwa, nawe ukamwinulia mkono. Tangu hapo hajakutia machoni.

Nikamuuliza, "Aliuinua vipi huo mkono? Wa kuaga au wa kuita?"

Akatazama mifupa kwenye sahani. "Mama, sikumbuki."

Nilimwambia amalizie na paja lililobaki. Nifanye nini? Si yeye aliyekupakia.

Bomani nimekwenda. Karani akasema karatasi yako haijafika, ya uzima wala ya kifo, nirudi siku nyingine. Nimerudi siku nyingine, akasema nirudi siku nyingine. Mbwa wote wa njia ile sasa hawanibwekei.

Haya. Sasa nikuambie habari ya binti yako, maana ndiyo iliyonitoa Kasense kwa miguu.

Siku ile unaondoka ulisimama pale kijiani, na mkeo alikuwa bado hata hana hakika kama ni mimba au ni tumbo la maharage. Ukasema, akizaliwa wa kiume apewe jina la babu yangu. Akiwa wa kike msimpe jina la nyumbani, nisubirini, nitampa mwenyewe nikirudi. Ulisema hivyo. Luciana ni shahidi. Akazaliwa wa kike, wakati wa mahindi mabichi. Padri akambatiza Fransiska, tukasema asante, hilo ni la kanisani. La nyumbani tukakungoja wewe.

Tukamwita Katoto. Akaota meno akiwa Katoto, akatembea akiwa Katoto. Wanawake kisimani wakanichokoza, "Mama Zenon, huyu mtamwita Katoto mpaka aolewe?" Nikawajibu, "Ndiyo, na mume wake atakuwa Kamume, wewe inakuwasha nini?" Lakini nikirudi na mtungi kichwani moyo ulikuwa mzito, maana mtoto asiye na jina la nyumbani ni kama mgeni aliyekaa mlangoni, hakuna aliyemwambia pita.

Na jambo jingine ulijue. Kila jioni, kabla ya kurudisha mlango, nasimama kijiani nakuita. Unajua mimi tangu baba yako afe sijakuita Zenon. Zenon ni la padri. Nilikuita Sikazwe, ili jina la baba yako lisilale. Basi naita hilo, mara moja tu, kwa sauti ya kuita mtu aliyeko shambani, halafu naingia ndani. Na kwenye rozari ni Sikazwe, Sikazwe. Na Luciana akinikasirikia husema, "Sikazwe angekuwepo usingenisema hivyo." Katika nyumba yako hilo ndilo jina lililoitwa kuliko yote. Likumbuke hilo, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Mwezi wa Julai, baridi ile ya kupasua midomo, baba yako mdogo Ignasi alikuja na wazee, mzee Polikarp akiwa msemaji wao. Usimchukie Ignasi kabla hujanisikia. Tangu uondoke ameniletea chumvi, amenitengenezea paa, hajawahi kunikosea adabu. Wakakaa uani juani. Luciana alikuwa anapepeta ulezi karibu na mlango, mtoto alikuwa mgongoni kwangu amelala.

Polikarp akasema, "Mama Zenon, waliokwenda vitani wamerudi, na asiyerudi tunajua maana yake. Tumlilie kijana wetu. Luciana anyolewe, na wakati ukifika Ignasi amrithi, aingie katika nyumba hii, aitunze. Nyumba haikai wazi."

Nikasikia ungo wa Luciana umenyamaza.

Nikasema simlilii mtu ambaye sijaona maiti yake wala karatasi yake. Ignasi akanibembeleza, "Shemeji, sitaki ugomvi. Lakini tazama mwenyewe. Nyumba hii haina Sikazwe tena."

Mwanangu, damu ilinipanda. Nikainuka, nikawapa mgongo, wazee wazima, waone kilichofungwa pale. Nikasema, "Yupo! Sikazwe wa nyumba hii ni huyu hapa, amelala. Msimwamshe kwa upuuzi wenu."

Ignasi alicheka mpaka akakohoa. "Huyo? Huyo si ni msichana! Shemeji, umekaa kwetu miaka yote hii hujajifunza? Kwetu sisi tuliotoka Msanzi, mwanamume ndiye Si, mwanamke ni Na. Mimi Sikazwe, dada yangu Nakazwe. Utamwita msichana Sikazwe, unataka aote ndevu?"

"Akiota atakuwa amekuzidi wewe," nikamwambia. Ndevu za baba yako mdogo unazijua, chache kidevuni na kila moja na njia yake. Wazee wakacheka, hata Luciana nikamsikia.

Polikarp peke yake hakucheka. Akasema jina si mzaha wa uani, mtoto ashushwe chini aulizwe mwenyewe. Nikamshusha, ameshaamka kwa kelele, anapikicha macho. Polikarp akaita, "Nakazwe!" Mtoto anamtazama kuku. Ignasi naye akaita kwa sauti tamu, "Nakazwe, njoo kwa babu," na karanga kiganjani. Akaja, akachukua karanga, akala, akarudi kwa kuku wake.

Kisha Polikarp akasema taratibu, kama mtu anayejisemea, "Sikazwe."

Mtoto akageuka. Akaitika, "Beee!" kama mama mwenye nyumba yake. Akaenda moja kwa moja mpaka magotini pa mzee, akasimama, akangoja kutumwa.

Hapo hakuna aliyecheka.

Wao walifikiri ni jambo la mizimu. Mimi nilijua. Kila jioni ninapokuita wewe, yeye amesimama nyuma yangu ameshika nguo yangu. Amelisikia jina hilo tangu tumboni, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba si lake. Alijua Bibi anamwita yeye. Alikuwa akiniitikia siku zote, nami nilidhani ni mtoto anapiga kelele tu.

Polikarp akasema jina limekaa. Nyumba ina Sikazwe, basi Ignasi hataingia, na mtoto atakua hapa, hakuna wa kumwondoa. Nilishinda, mwanangu. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate tu.

Mzee hakuwa amemaliza. Akavua kofia, akaiweka gotini. Akasema, "Mama Zenon, unajua kwetu jina la mwenye nyumba halipewi mtoto wake naye yungali hai. Halijatokea. Wewe umelitoa mwenyewe, kwa kinywa chako, mbele yetu. Basi lile tulilokuja kukuuliza umekwisha kutujibu."

Wakainuka mmoja mmoja wakanipa mkono wa pole. Sikuwaomba. Mkono wangu ulikuwa unapokea tu, kama si wangu. Ignasi akalia kwa sauti, ameegemea kihenge chako kile kilichoinama, nikaogopa kitamwangukia. Mimi nimesimama. Nilikuwa nimewafukuza waliokuja kukuzika, kumbe jembe nimelishika mimi.

Walipoondoka Luciana akaja na ungo wake mkononi. "Mama, kuna kitu umekijua ukanificha?"

"Sijui kitu."

"Basi kwa nini umempa?"

Nikampokonya ungo, nikapepeta ulezi uliokwisha kupepetwa. 

Kesho yake asubuhi akatoka chumbani kichwa kimenyolewa, cheupe kama yai. Nikamuuliza nani amekunyoa. Akasema, "Mwenyewe." Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikamshika kichwa kwa mikono miwili, ngozi ya baridi, amejikata nyuma ya sikio na hajui. Nikamfunga kitambaa changu cha kanisani, kile cha bluu. Tukakaa jikoni, uji ukaungua, hakuna aliyeinuka kuuepua.

Usimlaumu mkeo. Amengoja vizuri. Hajanipa neno baya la kweli hata siku moja, ni yale ya kawaida ya mkwe na mama mkwe, na mengi nilianza mimi.

Tangu siku hiyo nimejaribu kulirudisha jina. Nimemwita mtoto Nakazwe kwa upole, nimemwita kwa ukali, nimemwita kwa karanga. Karanga zimekwisha. Nimekwenda kwa padri, akasema mbele ya Mungu huyu ni Fransiska na hayo mengine niyaache. Padri ni mtu mwema, lakini hana mkwe.

Sasa sikiliza vizuri, na Bwana Selemani aandike vizuri hapa. Nywele za Luciana zinaota. Unajua desturi: za mjane zikifika pa kusukwa, wazee wanakaa tena, wanampa ruhusa. Ignasi amejitoa, amesema haingii tena katika jambo hili. Kwa hiyo Luciana atakuwa huru kurudi kwa kaka zake, na huko ataolewa, bado msichana yule. Lakini mtoto hataondoka naye. Ana jina la nyumba, atabaki na nyumba. Hivyo ndivyo walivyosema. Neno nililolitoa kwa hasira ili mtoto asikose baba ndilo litakalomkosesha na mama.

Luciana hajasema atakwenda. Lakini amwogeshapo mtoto siku hizi anamwogesha polepole, kidole kimoja kimoja. Mimi nakaa jikoni najifanya sioni.

Nilimwuliza Polikarp kama kuna wa kulivua jina hilo. Akasema yupo mmoja tu, mwenye jina, asimame mlangoni pake na kusema, hilo ni langu, nirudishieni.

Basi njoo ulidai, Sikazwe. Njoo na hasira. Njoo unitukane mbele ya wazee, useme mama yangu amechanganyikiwa, amenizika ningali hai, nami nitakuwa nakuchinjia lile dume huku unanitukana. Kama umepoteza miguu, njoo ubebwe. Kama umepata mke huko kwa watu wa Bama, njoo naye, tutagombana nikishakuona. Kama unaona haya kwa jambo lolote lile, mimi nimekuosha makalio, haya ya nini? Kama huwezi kuja, tuma neno moja, mwandikie karani, mwandikie Bwana Selemani, mtume hata adui yako. Hata "sijambo" yako ile tupu, leo nitaipokea.

Lakini uje upesi. Juzi nilipitisha mkono chini ya kitambaa cha Luciana wakati namtafuta chawa. Nywele zimeanza kushikika.

Ignasi baba yako mdogo anakusalimu. Alisema nisiseme kwamba alilia, nimeshasema. Rafaeli anakusalimu, anasema kila siku anajaribu kukumbuka ule mkono. Mzee Polikarp anakusalimu kama anavyosalimiwa mtu aliye hai, nilimlazimisha. Dada zako wa Chanji wote wazima. Luciana nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alifikiri sana, kisha akasema, "Mwambie ulezi umejaa." Nimekwisha kukuambia mwanzoni, nakuambia tena.

Binti yako hajui kutuma salamu. Lakini jioni bado nasimama kijiani. Nilitaka kuacha, miguu ikanipeleka yenyewe. Naita Sikazwe, na kabla sijafunga mdomo nyuma yangu kunaitikiwa, "Beee, Bibi!" Siku ya kwanza nilimkemea, nikamwambia siye wewe. Akalia sana, akaniuliza, "Nani?" Tangu hapo simkemei. Nageuka, nambeba, namwambia ndiyo wewe, twende ndani. Mlango siukomei. Naurudisha tu, ili ukisukumwa ufunguke.

Mungu akutangulie kama uko njiani. Na kama hauko njiani, basi akulaze mahali pakavu, penye mtu wa kukuita jina.

Ni mimi mama yako nikupendaye, uwe upande wowote ule,

Bertilla, mama wa Sikazwe, na sasa bibi wa Sikazwe.
(Alama ya kidole chake.)